Vikao vya kikundi kwa wazee wenye demensia mjini Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa yameulizwa na watoto, wajukuu, wauguzi na watu wa kujitolea waliokuja kukaa nasi kwenye vikao, na tumeyaacha karibu na namna walivyoyauliza. Tunasema "mzee" kwa mwanamume na mwanamke vilevile. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, tunamwelekeza msomaji huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

Demensia ni nini, na kwa nini hamtumii neno ambalo daktari ameandika kwenye karatasi?

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la hali ambayo ubongo huharibika hatua kwa hatua, hadi kumbukumbu, lugha, kupanga mambo na kutambua mahali vinapungua kiasi cha mtu kushindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Chanzo kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unahusika katika asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Baada yake huja uharibifu unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu wenye shinikizo la damu au waliowahi kupata kiharusi.

Daktari huandika kwa Kifaransa, na neno hilo la Kifaransa, démence, likifika katika Katuba au Kenya, mitaa ya mji wetu, linasikika kama wazimu. Tumeona binti akikunja karatasi na kuifunga kwenye ncha ya kitenge kabla shangazi zake hawajaisoma. Kwa hiyo mbele ya familia tunasema "ugonjwa wa kusahau", na katika maandishi tunasema demensia. Hilo jina la nyumbani halitoshi, kwa sababu ugonjwa huu hauchukui kumbukumbu peke yake: mama aliyesonga bukari (ugali) kwa miaka 60 anaweza kusimama mbele ya maji yanayochemka, unga mkononi, asijue kipi kinatangulia. Huko si kusahau kwa uzee.

Kikao cha kikundi ni kitu gani? Ni darasa, ni maombi au ni matibabu?

Ni mazungumzo yaliyopangwa. Wazee watano hadi wanane wenye demensia hukaa pamoja kwa muda wa dakika 45 hivi, wakiongozwa na watu wawili, na kuzungumza au kufanya kazi ndogo juu ya mada moja: chakula, fedha, sauti, utoto, sura za watu. Mada huchaguliwa ili kuisukuma akili ifikiri, ilinganishe na itoe maoni, bila kumpima mtu.

Utaratibu tunaoufuata unaitwa tiba ya kuchangamsha akili. Ulitengenezwa Uingereza na Aimee Spector pamoja na wenzake, ambao mwaka 2003 walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 201 katika nyumba za kutunzia wazee na vituo vya mchana. Vikao ni 14, mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba. Baadaye utaratibu huo ulirekebishwa na kujaribiwa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, kwa Kiswahili, miongoni mwa wazee wa kijijini ambao wengi wao hawakusoma sana. Kwetu kazi ya Hai ina faida kuliko ile ya Uingereza, maana mzee wa Hai na mzee wa mtaa wetu wa Ruashi wote wawili wanaujua mwiko wa kusongea na jembe kabla ya kuijua kalamu.

Je, vikao vinaponya?

Hapana. Hakuna kinachoponya Alzheimer kwa sasa, na mtu yeyote anayekuuzia chupa ya kuponya anakuibia. Vikao vimeonyesha kusaidia kidogo kufikiri, kuzungumza na hali ya maisha kwa watu ambao ugonjwa wao ni mwepesi au wa wastani. "Kidogo" hapa tunalitumia kwa makusudi. Familia inayotarajia baba arudi kuwa mhasibu itavunjika moyo katika wiki ya tatu; inayotarajia aseme sentensi mbili zaidi mezani jioni ya siku ya kikao huenda ikazisikia.

Nani anafaa kuingia kwenye kikundi?

Anafaa mzee ambaye daktari amethibitisha demensia nyepesi au ya wastani, anayeweza kukaa na wenzake kwa karibu saa moja, anayesikia na kuona vya kutosha kushiriki, na anayeweza kujieleza kwa namna inayoeleweka, hata kama maneno yake ni machache. Hafai, kwa wakati huo, mtu ambaye fadhaa yake ni kubwa kiasi cha kuwatisha wengine, wala yule ambaye ugonjwa umefika mahali haelewi tena mazungumzo. Huyo ana mahitaji mengine, nasi tumeyagusa katika swali la mwisho kabisa.

Kuona daktari kwanza si urasimu. Kuna hali zinazofanana na demensia na zinazotibika, kabisa au kwa sehemu: huzuni nzito, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende iliyofika kwenye ubongo, virusi vya UKIMWI, damu iliyovuja chini ya fuvu baada ya kuanguka, pombe, na dawa zenyewe, hasa za usingizi. Kumwingiza mtu wa namna hiyo kwenye kikundi bila kupimwa ni kumpa viti na nyimbo wakati alihitaji vidonge. Vilevile, mtoto wa jicho na nta masikioni vimewahi kumfanya mzee aonekane amepoteza akili kuliko ilivyo kweli.

## Kuandaa kikundi

Tunawachanganya vipi wanaume na wanawake, na kuna watu wasiopaswa kuketi pamoja?

Wanaume na wanawake wanaweza kukaa kikundi kimoja, na mara nyingi mazungumzo huwa bora hivyo, mradi mwanamke asiwe peke yake kati ya wanaume saba. Jambo kubwa zaidi ni ukwe. Katika familia nyingi za hapa mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawali pamoja wala hawataniani, na heshima hiyo hukaa ndani ya mtu muda mrefu baada ya majina na tarehe kuondoka. Tuliwahi kumketisha mama mmoja mkabala na mwanamume aliyemwoa binti wa dada yake, bila kujua. Hakusema neno. Aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani, akakaa hivyo mpaka mwisho, na sisi tukaandika kwenye daftari kwamba "hashiriki". Tangu siku hiyo fomu yetu ya kwanza inauliza undugu na ukwe kabla ya kuuliza umri.

Tumwiteje mshiriki?

Muulize mwenyewe, na ukimaliza kumuuliza yeye, uliza familia. Wengine wanapenda "baba" au "mama" na jina lao, wengine "nkambo" (babu au bibi), na mwalimu wa zamani anaweza kutaka "mwalimu" tu. Desturi ya kumwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza ina heshima, lakini angalia: huenda mtoto huyo amefariki, na wewe kila Jumanne unamkumbusha msiba akiwa hana tena uwezo wa kukumbuka kwamba alishalia.

Tutumie lugha gani?

Kiswahili cha Lubumbashi ndicho kinachowakutanisha wote, na Kiswahili sanifu cha vitabuni kinaweza kumchosha mzee kabla mada haijaanza. Ila demensia inapoendelea, lugha iliyojifunzwa baadaye mara nyingi huanza kutoweka kabla ya ile ya utotoni. Mtu aliyefanya kazi kwa Kifaransa miaka 30 anaanza kujibu kwa Kibemba, Kiluba, Kisanga au Kisongye. Usimrudishe kwenye Kiswahili kwa nguvu. Mwongozaji mmoja kati ya wawili awe anaelewa lugha ya nyumbani ya washiriki wengi, au mwambie mshiriki mwingine atafsiri. Wazee hupenda kazi hiyo, na aghalabu huifanya vizuri kuliko sisi.

Chumba kiweje, na saa ngapi?

Saa nne asubuhi imetufaa zaidi. Mapema zaidi ya hapo, baridi ya Juni na Julai huwakuta wazee bado wamejifunika; alasiri wamechoka, na wengi wenye demensia huwa na wasiwasi zaidi jua likielekea kuzama. Chumba kiwe chini, bila ngazi, karibu na choo, chenye viti vyenye mikono ili mtu aweze kujisukuma kusimama. Kaa kwenye mduara wa karibu.

Mambo mawili ambayo vitabu vya ugenini havisemi. Kwanza, paa la bati: mvua ya Januari ikipiga, hakuna mzee atakayesikia kitu, na anayesikia nusu hudhani anasemwa. Tukikosa dari, tunabadilisha kikao kuwa cha kazi za mikono hadi mvua ipungue. Pili, umeme. Usipange kikao chochote kinachotegemea televisheni au redio ya umeme, kwa sababu ukikatika katikati ya wimbo utatumia dakika kumi kueleza kwa nini wimbo umekufa.

Nani anaweza kuongoza? Lazima awe muuguzi?

Si lazima. Anahitajika mtu mvumilivu, aliyefundishwa utaratibu, anayejua kunyamaza. Waongozaji wawe wawili kila mara: mmoja anaendesha, mwingine anaangalia nyuso na kumpeleka mtu chooni. Wawe wale wale kuanzia kikao cha kwanza hadi cha 14, maana hata mzee asiyekumbuka jina lako huizoea sauti yako.

Tuwape nini cha kula na kunywa?

Chai, maji, kitu laini. Karanga na mahindi ya kuchoma yanapendwa na yana hatari, kwa sababu demensia huathiri pia kumeza. Uliza familia kama mzee hukohoa anapokunywa. Soda kwa mwenye kisukari iepukwe, hata akisisitiza kwamba hajawahi kuwa na kisukari.

## Ndani ya kikao

Kikao kinakwendaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Dakika kumi za kwanza ni za kuingia: kusalimiana mmoja mmoja kwa mkono, kuimba wimbo wa kikundi ambao wazee wenyewe wameuchagua siku ya kwanza, na kurushiana mpira mwepesi huku kila mmoja akitaja jina lake au kitu anachokipenda. Ubaoni tunaandika jina la kikundi, siku, mwezi na hali ya hewa, na kuvisoma kwa sauti kama habari ya kawaida. Hatumwulizi mtu leo ni siku gani. Tunasema "leo ni Jumanne, na vumbi hili la Agosti limeanza tena", kisha anayetaka kulalamikia vumbi analalamika.

Halafu mada kuu, dakika 25 hivi. Mwisho kuna kushukuru kila mtu kwa jina na kwa kitu alichochangia, kutaja mada ya siku ijayo, na wimbo ule ule. Kurudia mwanzo na mwisho kwa namna moja kila mara kunampa mzee njia ya kujua yuko wapi hata kama hawezi kulisema jina la mahali hapo.

Kwa nini mnakataza kuuliza "unanikumbuka?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi na watu wanaolifanya kosa hilo kila siku kwa upendo. Mtoto anaingia, anainama mbele ya baba yake, anasema: "Baba, mimi nani?" Kwa mtoto ni salamu. Kwa baba ni mtihani ambao anajua kwamba anaweza kuufeli mbele ya watu, na mtu anayefeli mitihani mitano kwa siku hujifunza jambo moja: kunyamaza. Baada ya miezi michache familia inasema amepoteza usemi, kumbe sehemu ya usemi huo ameificha mwenyewe.

Kanuni ya kwanza ya vikao hivi ni kuuliza maoni kabla ya ukweli. Ukiuliza "bei ya unga ilikuwa ngapi ulipooa?" kuna jibu moja sahihi na mengi ya kuaibisha. Ukiuliza "kati ya unga wa mahindi peke yake na uliochanganywa na muhogo, upi unasonga bukari nzuri?" hakuna anayeweza kukosea, na kila mtu wa mji huu ana jibu. Katika kubishana, kumbukumbu zinakuja zenyewe, pamoja na bei.

Mwandishi wa ukurasa huu alijifunza hilo kwa aibu. Katika kikao chake cha kwanza alimwuliza mstaafu mmoja wa Gécamines, kampuni ya migodi, leo ni mwaka gani. Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili juu ya magoti, akaanza kusugua ukingo wake kwa kidole gumba. Kisha, badala ya mwaka, alitaja nambari yake ya kazini, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayejibu mbele ya karani wa mposho, yaani mgawo wa chakula wa wafanyakazi. Alikuwa ametafuta kichwani nambari yoyote aliyokuwa na uhakika nayo, akatoa hiyo. Swali lingekuwa "mposho ulikuwa unatosha?", angezungumza asubuhi nzima; tulimwuliza wiki iliyofuata, na ndivyo ilivyokuwa.

Mada gani zinafaa kwa watu wa hapa?

Mada za utaratibu wa asili zinabaki: michezo ya mwili, sauti, utoto, chakula, habari za siku, sura na mandhari, kuhusisha maneno, kazi za ubunifu, kupanga vitu kwa makundi, ramani na mahali, fedha, nambari, michezo ya maneno na mashindano ya timu. Vinavyobadilika ni vitu vya mezani.

Kwa sauti: mlio wa gari moshi, mchi kwenye kinu, mchezaji wa karindula (banjo ya kienyeji), kelele za uwanjani Kamalondo. Mpira wa miguu haujawahi kutuangusha. TP Mazembe, klabu ya mji huu, wakati ule ikiitwa Englebert, ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, na kijana wa miaka 18 wa wakati ule ni mzee wetu wa leo. Kwa chakula: tunaweka mezani vinkubala vikavu (viwavi vya kuliwa), chikanda (chakula cha viazi vya okidi), majani ya sombe (kisamvu) na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ndani ya kikombe, na kuwaacha wanuse kabla ya kutaja. Harufu hufika mahali ambapo swali halifiki.

Kikao cha fedha kinastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapa fedha imebadilika sana kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu pia huchanganyikiwa. Sarafu ya zaire ilianza mwaka 1967. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, kila moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo. Na dola inatembea kando ya zote. Tunatandaza noti za zamani mezani na kuuliza ipi ilikuwa nzuri kwa sura, ipi ilikuwa na nguvu sokoni. Kisha tunapitisha mkononi nakala ya msalaba wa Katanga, ule wa shaba uliotumika kama fedha na mahari kabla ya noti zote hizo. Mama mmoja ambaye kwa vikao vinne hakuwa amesema zaidi ya "ndiyo" aliupokea, akaupima uzito kwa kuushusha na kuuinua, akauweka juu ya paja, akasema: "Huu hautoshi kwa msichana mmoja." Chumba kizima kilicheka, naye akacheka wa mwisho.

Mzee wetu hajui kusoma. Atafanya nini wakati wa michezo ya maneno?

Atafanya kila kitu, ukiacha karatasi. Methali unayoanza yeye akamalizia, vitendawili, kutaja vitu vyote vinavyouzwa sokoni kwa fungu, kutenganisha maharagwe na mbegu za maboga: haya yote yanaifanyia akili kazi ile ile. Tahadhari moja tu: usimpe mtu mzima midoli au rangi za kuchora za watoto. Anaweza kuzipokea kwa adabu na asirudi tena.

Tunaweza kuimba nyimbo za kanisa?

Mnaweza, kama wote wanaridhika. Katika mduara mmoja unaweza kuwa na Mkatoliki, Mmethodisti, Mkimbangu, Mwislamu na Shahidi wa Yehova ambaye hataimba wimbo wa dini nyingine. Ndiyo sababu wimbo wa kikundi tunapendelea uwe wa kazi, wa harusi au wa shule.

## Mambo yanapokwenda kombo

Mzee anaulizia mama yake aliyekufa zamani. Tumwambie ukweli?

Usimtangazie kifo kama habari mpya, kwa sababu kwake kitakuwa kipya, na kesho kitakuwa kipya tena. Wala usimdanganye kwamba mama yuko njiani, maana atasimama mlangoni kumngoja. Jibu kile kilicho nyuma ya swali: "Unamtamani mama. Alikuwa anawapikia nini?" Akikuuliza moja kwa moja, akikutazama, "Mama alikufa?", anastahili jibu la kweli, kwa upole na ukiwa umemshika mkono. Tunajua wapo wenzetu wanaokataa sehemu hii ya mwisho. Baada ya miaka kadhaa bado tunaona kwamba mtu anayeuliza hivyo mara nyingi ameshajua.

Kumbukumbu za vita na za kufukuzwa zikijitokeza, tufanyeje?

Zitajitokeza. Waliokuwa vijana wakati jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo, tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, wako kwenye viti vyetu, na pia wapo waliofukuzwa au walioshuhudia majirani wa asili ya Kasai wakifukuzwa mwaka 1992 na 1993. Katika mduara mmoja wanaweza kuketi watu waliokuwa pande mbili. Hatuweki siasa za miaka hiyo kwenye mada, na picha za stesheni tunazitazama mara mbili kabla ya kuzileta, kwa sababu kwa mtu mmoja stesheni ni safari ya harusi na kwa mwingine ni majuma ya kulala kando ya reli akingoja behewa.

Ikitokea mtu akaanza kutetemeka au kusema kana kwamba mambo yanatokea sasa, mwongozaji wa pili aende kuketi karibu naye, amwite kwa jina lake, amwambie yuko wapi na yuko na nani, na kama inawezekana watoke nje kidogo. Usimchimbe. Kikao hiki hakikuandaliwa kutibu majeraha ya vita, na wazee wenye demensia huenda wasiweze kufunga tena mlango ulioufungua.

Mtu mmoja anazungumza peke yake muda wote. Na mwingine analala.

Anayezungumza sana apewe kazi: kushika ubao, kugawa vikombe, kuwauliza wengine. Anayelala aachwe dakika chache, kisha aamshwe kwa kitu cha kushika mkononi. Akilala kila kikao, uliza dawa anazotumia na usiku wake ukoje.

Juzi alikuwa mzima wa kutosha, leo hajui hata mlango uko wapi. Ugonjwa umeruka hatua?

Demensia kwa kawaida haiendi kwa siku mbili. Mabadiliko ya ghafla, ya saa au siku chache, hasa mtu akiwa anasinzia na kuzinduka au kuona vitu visivyopo, ni dalili ya kuchanganyikiwa kunakosababishwa na ugonjwa mwingine: malaria, maambukizi ya mkojo, kichomi, kukosa maji, kufunga choo, dawa mpya. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa ameshikwa na udhaifu wa upande mmoja au mdomo umepinda, huenda ni kiharusi, na hapo msingoje teksi ya bei nafuu.

Mshiriki mmoja amefariki. Tuwaambie wengine?

Ndiyo, mara moja, mwanzoni mwa kikao kinachofuata, kwa maneno mafupi. Kiti chake kikiondolewa kimyakimya watakiona. Wanaokumbuka kidogo huhisi kwamba kuna kitu kinafichwa. Baada ya hapo tusikirudie kifo hicho kila kikao. Wanaoweza kwenda kwenye kilio waende na familia zao.

## Familia, majirani na baada ya wiki saba

Mchungaji na majirani wanasema nkambo ni mlozi. Mnasaidiaje?

Tunaanza kwa usalama wa mzee kabla ya hoja. Mama anayetembea usiku akitafuta nyumba ya utotoni, anayeongea na watu wasioonekana, anayekula na kudai hajala, anaweza kutuhumiwa, kupigwa au kufungiwa. Kama kuna tishio la kweli, ahamishiwe kwa ndugu mwingine leo, mjadala ufuate kesho.

Kuhusu mjadala wenyewe, hatujawahi kumshinda mchungaji kwa kumwambia kwamba uchawi haupo. Tumefanikiwa kidogo kwa kumwalika. Akikaa dakika 45 na wazee wanane wa familia nane, makanisa matano, wote wakisahau kwa namna ileile, huanza kuuliza maswali ya ugonjwa. Tunamwomba jambo moja: aendelee kuomba, lakini mzee asifungwe, asifungishwe kula na asikatishwe dawa za presha.

Tunaweza kupiga picha na kuzituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia?

Picha za mzee wenu peke yake, akikubali. Za wengine, hapana. Soma tena habari ya karatasi iliyofungwa kwenye kitenge, katika swali la kwanza.

Nyumbani tufanye nini kati ya vikao?

Msigeuze nyumba kuwa kikao cha tatu. Mwacheni afanye kazi aliyoizoea, kwa kipimo anachoweza: kuchambua maharagwe, kukunja nguo, kuangalia moto wa mbabula (jiko la makaa) mtu mwingine akiwepo. Mwulize maoni, si tarehe. Na anayemtunza, ambaye karibu kila mara ni binti au mkwe mmoja wakati ndugu watano wanatuma ushauri kwa simu, apewe asubuhi moja kwa wiki ya kutoka. Siku ya kikao inaweza kuwa hiyo. Asikae kutungoja mlangoni.

Wiki saba zikiisha?

Kuna mwendelezo wa kikao kimoja kwa wiki, ambao katika utaratibu wa asili huchukua wiki 24. Sisi tunaendelea kadiri viti na waongozaji wanavyoruhusu, kwa kuwa faida hufifia vikao vikikoma.

Aache lini?

Anapoanza kuumia kuliko kufurahi. Dalili zake ni hizi: analia kila anapovishwa nguo za kwenda, sauti za wengine zinamtisha, au kwa vikao vitatu mfululizo hashiki hata uzi mmoja wa mazungumzo. Kabla ya kuamua, hakikisheni si maumivu, si masikio, si ugonjwa wa ghafla ulioelezwa hapo juu.

Kuacha kikundi si kuachwa. Mzee aliyefika hapo bado hupokea muziki, mafuta yanayopakwa mikononi polepole, kivuli cha mwembe, mtu wa kuketi naye bila kumwuliza kitu. Yule mstaafu wa kofia hayumo tena kwenye mduara. Mmoja wetu humtembelea Alhamisi, hukaa kwenye kibao kando yake, na siku nyingine mzee huanza kutaja ile nambari. Sasa anakomea kwenye tarakimu ya tatu. Mgeni wake, ambaye ameijua yote kwa muda mrefu, huitaja ya nne kwa sauti ya chini, na mzee huitikia kwa kichwa.